Spika Mpya, Masikio Yale Yale

Wahenga walisema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Maneno haya huyakumbuka kila niendapo Makambako, mahali ambapo barabara ya Njombe na Songea huachana na barabara kuu iendayo Zambia. Pale maduka hushindana kupiga muziki tangu asubuhi, na wapita njia husimama, wakasifu, wakanunua. Wengi wao hawakukosa chombo: nyumbani wanayo sabufa nzima. Hununua kwa kuwa wameambiwa kwamba hii mpya ni bora. Mimi nasema wazi kwamba wengi hudanganywa, tena hujidanganya wenyewe. Nitatoa hoja zangu, na msomaji apime.

Kwanza, sikio la mwanadamu lina udhaifu mmoja: sauti iliyo kubwa kidogo huiona kuwa ni tamu zaidi. Basi mwenye duka akikipandisha sauti kidogo chombo cha bei kubwa, mnunuzi amekwisha kushindwa. Mwaka jana mwalimu mwenzangu wa Njombe alinunua sabufa mpya, akataka kuiuza ya zamani. Nalimwomba tuzifiche zote mbili nyuma ya pazia. Nikazisawazisha sauti, nikawapigia watu watano wimbo mmoja, yeye akiwa miongoni mwao. Wawili walisifu mpya, wawili walisifu ya zamani, na wa tano hakuona tofauti. Mwenye mali alikuwa mmoja wa wale waliosifu ya zamani!

Pili, tutazame hesabu. Wengi huamini kwamba chombo cha wati 100 kina sauti maradufu ya chombo cha wati 50. La, sivyo. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, nayo ni nyongeza ndogo masikioni. Ili sauti isikike kama maradufu, zatakiwa wati zipatazo mara kumi. Na zile namba za maelfu zilizochapwa juu ya sanduku zisikutishe. Geuza chombo, usome kibandiko cha nyuma: kikisema chatumia wati 60 za umeme, hakiwezi kutoa daima zaidi ya hizo. Mtungi hautoi maji kuliko yaliyotiwa.

Tatu, nyumba yenyewe. Kuta tupu za saruji hurudisha sauti, maneno yakagongana; na mvua ya Njombe inapopiga bati, ni spika gani itakayoishinda? Ondoa chombo katika pembe ya chumba, tundika mapazia mazito, tandika mkeka au zulia. Utaona besi iliyokuwa ikivuma ovyo imetulia, wala hukutumia fedha nyingi.

Tena tuwakumbuke waliotutangulia. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay, nyimbo zake zikatiwa katika santuri. Watu walizisikiliza kwa gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, isiyo na umeme, yenye kukwaruza. Hata hivyo walizipenda, jina lake likaenea Afrika ya Mashariki. Wale walisikiliza wimbo. Sisi twasikiliza sanduku.

Wako watakaojibu, "Fedha ni yangu, na furaha ni yangu." Kweli. Wala sisemi kwamba chombo kilichokufa kisibadilishwe, au kwamba vyombo vyote ni sawa: redio ndogo ya mkononi haiwezi kutoa besi ya sabufa. Lakini namjua mtu aliyekata misindano aliyoilea miaka mingi, akanunua sabufa ya tatu. Na Januari shule zilipofunguliwa, mtoto wake alibaki nyumbani kwa kukosa sare na madaftari. Je, furaha ile ilikuwa ya nani?

Basi, ndugu msomaji, kabla hujapanda gari kwenda Makambako, kaza waya zilizolegea, mwite fundi, hamisha spika, kisha keti usikilize wimbo mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Kama baada ya hayo bado waona kasoro, nunua. Lakini ununue mara moja, tena kwa masikio yako, si kwa macho.