Mtafiti wa matikiti apewe muda unaotosha

SAFU YA JUMA: SHAMBANI NA SOKONI
Na Zuhura Mbelwa

Mnyauko humpata mkulima wa matikiti wakati mbaya kuliko wote. Mbegu ya chotara ameshainunua kwa bei ya juu, mbolea imeshaingia, matunda yamefikia ukubwa wa ngumi na dalali wa mjini ameshapita kuyatazama. Asubuhi moja mmea mmoja umelegea, kesho yake minne, na haipiti wiki nyingi nusu ya shamba imelala. Anakimbilia duka la pembejeo, anauziwa dawa ya ukungu, ananyunyizia majani. Lakini adui yuko chini. Kuvu wa fusari huingilia mizizini na kuziba mirija ya maji, mmea ukafa kwa kiu hata kama umemwagiliwa jana. Vimelea vyake vinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi vikisubiri tikiti jingine lipandwe.

Kwa ugonjwa wa namna hii, tegemeo kubwa ni mbegu yenye ukinzani. Ndiyo maana kila ninapokuta tangazo la ufadhili kwa mtafiti kijana anayetaka kuzalisha matikiti yanayostahimili magonjwa, hufurahi, kisha naangalia muda. Mara nyingi ni miaka miwili, mitatu ikizidi sana. Muda huo hautoshi, na wanaotoa fedha wanapaswa kuambiwa waziwazi.

Fikiria kazi yenyewe. Mtafiti anaanza kwa kutafuta ndugu wa mwituni wa tikiti asiyedhurika na ugonjwa. Tunda la ndugu huyo aghalabu ni gumu, jeupe ndani, pengine chungu. Asubuhi na mapema anachukua chavua ya ua dume la mmea huo, anaipaka kwenye ua jike la tikiti tamu, kisha analifunga nyuki asilifikie. Tunda likiiva anapanda mbegu zake, anaiambukiza miche ugonjwa kwa makusudi, mingi inakufa, na ile iliyopona anaichavusha tena na tikiti tamu. Kutoka mbegu hadi mbegu ni kama miezi minne, na huenda akahitaji mizunguko sita au zaidi ili ladha irudi na ukinzani usipotee njiani. Bado hajaanza majaribio kwenye mashamba ya wakulima, Pwani na Dodoma, misimu kadhaa. Fedha za miaka miwili zinakwisha angali ameshika tunda ambalo ugonjwa hauliwezi na mlaji halitaki.

Hilo limewahi kutokea. William Orton wa Wizara ya Kilimo ya Marekani alichanganya tikiti tamu aina ya Eden na tikiti gumu lenye asili ya Afrika, na mwaka 1911 akatoa aina ya Conqueror. Ilistahimili mnyauko, ila sokoni haikupendwa. Charleston Gray, iliyojumuisha ukinzani dhidi ya mnyauko na ugonjwa wa chule pamoja na tunda linalouzika, ilitolewa na Charles Andrus mwaka 1954, miaka 43 baadaye. Leo vipimo vya vinasaba humwezesha mtafiti kuchagua mche ungali na majani mawili, kwa hiyo hakuna atakayedai miaka 43. Hata hivyo, hakuna kipimo kinacholifanya tikiti lichanue kabla ya siku zake.

Na ugonjwa wenyewe haukai ukisubiri. Huko California, matikiti ya aina ya kantalupe yalipoangamizwa na ubwiri unga mwaka 1925, watafiti walitumia mbegu kutoka India na mwaka 1936 wakatoa aina iliyoitwa PMR 45. Miaka miwili tu baadaye, 1938, ilitambuliwa aina mpya ya ubwiri iliyoishinda. Kazi ya uzalishaji ilikuwa bado inaendelea, na aina nyingine zenye ukinzani zikafuata miaka ya 1940. Kwetu, mradi ukifungwa, gari linarudishwa, mtafiti anatafuta ajira kwingine na mbegu zake zinabaki kwenye bahasha ambazo hakuna mwingine anayeweza kusoma alama zake.

Linaloniuma zaidi ni kwamba dawa tunayoitafuta ilitoka kwetu Afrika. Mwaka 1962 watafiti Sowell na Pointer waliripoti ukinzani dhidi ya ugonjwa wa shina linalotoa utomvu katika tikiti lililotoka Kongo, linalojulikana kwenye hifadhi ya mbegu ya Marekani kwa namba PI 189225. Chuo Kikuu cha Auburn kililitumia katika kuzalisha matikiti yenye ukinzani. Tikiti la Nigeria limetoa ukinzani dhidi ya ugonjwa wa batobato. Mwaka 2021 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa ndugu wa karibu kabisa wa tikiti letu la mezani ni tikiti la Kordofan, Sudan. Halafu mkulima wa huku anapanda Sugar Baby, aina ya Marekani ya miaka ya 1950 isiyo na kinga dhidi ya mnyauko.

Uwezo upo. Kituo cha Kimataifa cha Mboga kipo Arusha tangu 1992, na kwa kushirikiana na watafiti wa kituo cha Tengeru, nyanya za Tanya na Tengeru 97 zilifika kwa wakulima. Mtafiti wa matikiti awekwe hapo, au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kwa miaka minane katika awamu mbili, ya pili itolewe kwa kuangalia miche iliyo hai shambani, idadi ya makala zilizochapishwa ije baadaye. Bajeti imtaje fundi wa shamba kwa mshahara wake, kwa sababu huyo ndiye atakayefunga maua alfajiri mtafiti akiwa chuoni anatetea tasnifu. Na mkataba udai kwamba kila msimu ukiisha, sehemu ya mbegu pamoja na daftari la uchavushaji vipelekwe benki ya taifa ya mbegu Arusha, vikaguliwe, ndipo fedha za msimu unaofuata zitoke.