Kwadi Yako Haihitaji Ekzosi Mpya, Inahitaji Saa

Leo tuiache kompyuta ya mezani kidogo, tuongee juu ya kwadi za michezo. Nazungumzia zile pikipiki za magurudumu manne zilizoundwa kwa mbio, si zile za kubebea nyasi shambani. Lakini msiwe na hofu, kompyuta tutarudi kukutana nayo njiani.

Mtu akishanunua kwadi ya aina hii, kitu cha kwanza anachoongeza ni ekzosi. Kelele inapanda, anahisi spidi imepanda pia. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Programu ikienda polepole, kuna mtu atasema tununue seva kubwa, na hajapima chochote. Msimamo wangu ni mmoja: usiongeze nguvu kabla hujajua muda wako unapotea wapi.

Tufanye hesabu rahisi. Chukua njia ambayo mzunguko mmoja unakula sekunde 100. Tuseme sekunde 20 tu ndizo unazokuwa umefungulia petroli yote kwenye sehemu iliyonyooka. Zilizobaki 80 ni kona, mashimo na breki. Ukitumia pesa nyingi kwenye injini ukapunguza zile 20 kwa asilimia 10, umeokoa sekunde 2. Ukitengeneza kona na mashimo yakapungua kwa asilimia 5 tu, umeokoa sekunde 4. Gene Amdahl alieleza hoja ya namna hii mwaka 1967 akizungumzia kompyuta, lakini hesabu haijali kama ni kompyuta au ni matairi.

Kwa hivyo mpangilio wangu ni huu:

1. Matairi. Kwadi za michezo hutumia upepo kidogo sana, kama psi 4 hadi 6. Geji ya petroli stesheni imetengenezewa magari ya psi 30, kwa hivyo huku chini haiaminiki. Nunua geji ya upepo mdogo. Tofauti ya psi 1 utaisikia kwenye usukani.

2. Shokomzoba. Kwadi nyingi za michezo zina skrubu za kurekebisha mkazo wa springi, kasi ya kubonyea na kasi ya kurudi. Huduma hii ulishailipia siku uliyonunua. Zikae kulingana na uzito wako wewe, si wa mtu wa kiwandani.

3. Spoketi. Kama ya mbele ina meno 14 ukaweka ya 13, msukumo kwenye magurudumu unapanda kwa karibu asilimia 8, na spidi ya juu inashuka kwa asilimia 7. Hakuna cha bure, lakini kwenye njia yenye kona nyingi ni biashara nzuri, na bei yake ni ndogo.

4. Injini. Ndiyo, iko nambari nne.

Hapa kwenye injini ndipo kompyuta inaporudi. Yamaha Raptor 700, ya mwaka 2006, ina silinda moja ya cc 686 na mfumo wa kunyunyizia mafuta unaoongozwa na kompyuta. Ndani ya kompyuta hiyo kuna jedwali: injini ikizunguka kwa kasi hii na petroli imefunguliwa kiasi hiki, nyunyiza mafuta kiasi fulani. Ukifungua ekzosi na filta ya hewa bila kugusa jedwali, umebadilisha data ukaacha msimbo wa zamani. Hewa inazidi, mafuta hayatoshi, joto linapanda, na mwisho wake unaweza kuwa pistoni iliyotoboka. Ndiyo maana watu huuza vifaa kama Power Commander vya kurekebisha kiasi cha mafuta. Ekzosi, filta na jedwali ni kifurushi kimoja. Huna pesa ya vyote vitatu? Subiri.

Wenye kabureta nao wana lao, hasa sisi wa Nairobi. Yamaha YFZ450 ya mwaka 2004 na Honda TRX450R zilitoka na kabureta, na kabureta haina habari kwamba umepanda mlima. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban moja ya sita ikilinganishwa na Mombasa. Kwadi iliyopangwa vizuri kule pwani ikiletwa huku itakunywa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Plagi inakuwa nyeusi, injini inakohoa. Dawa ni jeti ndogo zaidi, kitu cha bei nafuu sana. Nguvu iliyolala hapo ni yako tayari. Lakini ukirudi Mombasa, rudisha jeti ya zamani, la sivyo utachoma pistoni.

Atakayeniambia mabingwa hushinda kwa nguvu peke yake, namwonyesha Dakar. Marcos Patronelli alishinda kundi la kwadi mwaka 2010, 2013 na 2016 akiwa kwenye Raptor. Katika mbio za maelfu ya kilomita, injini iliyokamuliwa hadi tone la mwisho haifiki. Inayofika ni kwadi iliyo thabiti.

Basi fanya kama tunavyofanya kazini. Chukua saa na daftari. Zunguka mara tano, andika muda. Badilisha kitu kimoja tu, zunguka tena, andika. Kisiposaidia, kirudishe kilivyokuwa. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilikusaidia na kipi kilikuharibia.

Na kuna jambo zito kuliko sekunde. Kwadi ikipinduka inaweza kukulalia, na ni kilo karibu 200. Ukiongeza nguvu huku breki na shokomzoba ni zilezile, umenunua njia ya haraka ya kufika hospitalini. Pesa ya ekzosi itoshe kwanza helmeti nzuri na kinga ya shingo.

Wewe mwenye kwadi, waonaje? Ulianza na nini, na ulipima?