Maneno na Maana Yake: Arithimia

Mwezi huu twalichukua neno la hospitali, kwa kuwa wako watu ambao, wakisha kuambiwa kwamba wana arithimia, hurudi nyumbani kama waliohukumiwa kufa, wala hawafuati dawa tena. Neno lenyewe halisemi hivyo.

Asili yake ni Kiyunani, lugha ya Agano Jipya. Rithmos ni mwendo wenye kipimo, kama wa ngoma, au kama mizani katika tenzi zetu. Ile a iliyotangulia ni ya kukanusha: pistos ni mwenye imani, apistos ni asiye na imani, nalo ndilo neno lililoandikwa pale Bwana alipomkanya Tomaso. Basi arithimia ni kukosa kipimo. Moyo wapiga, ila hauishiki mizani yake: huenda mbio, au polepole mno, au huruka pigo. Waganga wengine hupenda kusema disrithimia, yaani kipimo kibaya, kwani moyo usio na kipimo kabisa ni moyo uliosimama. Twaona wana haki, lakini neno la kwanza limekwisha kuenea.

Tena jina hili ni la jamii nzima, si la ugonjwa mmoja. Mtoto mwenye afya akivuta pumzi, moyo wake huenda upesi kidogo, akiishusha, hupunguza. Hiyo nayo ni arithimia, wala haitaki dawa. Bali iko nyingine, ambayo vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kupiga. Waganga huiita fibrilesheni, kwa neno la Kilatini fibrilla, uzi mdogo, kwa maana nyuzi za nyama ya moyo hucheza kila moja peke yake. Thomas Lewis wa London aliieleza wazi mwaka 1909, akitumia chombo cha Willem Einthoven kiandikacho umeme wa moyo. Hii si ya kudharau. Damu hutuama humo ikaganda, na donge likifika kwenye ubongo mtu hupooza. Ziko dawa za kuizuia damu isigande, lakini hazimfai aziachaye.

Mwenye shaka na aweke vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ayasikilize mapigo dakika nzima. Akiona hayana utaratibu, aende akapimwe. Aliyezimia, au aliyebanwa kifua, asingoje kuhesabu. Apelekwe mara moja.