Vuta N'kuvute Ilivyoturuka Nyanda za Juu

Mwalimu mwenzangu wa Iringa ameitazama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji na kuitia dosari: ati riwaya ya Adam Shafi imepunguzwa mno, matukio yamerukwa, na wahusika aliowapenda wamepewa dakika chache. Simuungi mkono. Uzuri wa kitabu kile umo katika wingi wa maneno yake. Shafi husimulia kama mtu aliyeketi barazani, asiye na haraka. Filamu ya dakika zipatazo 90 haiwezi kukaa barazani. Shivji amechagua kimya, rangi na taarabu. Nilipomtazama Yasmin, aliyeozwa mzee Raza angali msichana mdogo, sikuhitaji kuelezwa kwamba ndoa ile inamnyima pumzi. (Raza mwenyewe sikumwazia vile, lakini huo ni ugomvi wangu na mawazo yangu.)

Shutuma yangu ni nyingine. Filamu hii ilioneshwa Toronto mwaka 2021. Mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Riwaya, nayo, imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa vitabu vya kidato cha tano na cha sita. Nilipowauliza wanafunzi wangu hapa Mbeya, walioijibia mtihani, ni nani ameiona filamu, mkono mmoja tu uliinuliwa, wa kijana aliyeitazamia Dar es Salaam. Lakini The Lord of the Rings wanaijua, tena kwa Kiswahili cha DJ wa kibanda umiza, anayewasemea wachawi na wafalme wote kwa sauti moja. Kufikirika ya Shaaban Robert, nchi ya ajabu ambayo mfalme wake hana mrithi, imesomwa katika madarasa hayo hayo. Sijapata kuiona katika kioo cha kibanda chochote.

Tusisingizie uhaba wa vifaa. Kumbi za vyuo vyetu zina projekta, nazo huwaka kila palipo na semina yenye posho. Wenye dhamana ya elimu na utamaduni wangeweza kulipia haki ya kuionesha filamu hii mashuleni, kuanzia Tukuyu hadi Mafinga. Waliona fahari kuipeleka Marekani, wakasahau wanaoisoma.

Mwenzangu wa Iringa amenialika tubishane mbele ya wanafunzi wake. Nimekubali kwa sharti moja: kwanza waoneshwe filamu.