Canterbury, Kigali, Lubumbashi: Waanglikana wa Katanga mbele ya mgawanyiko

Katika muda wa majuma mawili tu, mwezi wa 10 wa mwaka 2025, habari mbili zilitikisa Kanisa Anglikana duniani kote. Tarehe 3, Uingereza ilitangaza kwamba Sarah Mullally, askofu wa London ambaye zamani alikuwa muuguzi, njo atakuwa Askofu mkuu wa 106 wa Canterbury. Ni mwanamke wa kwanza kupata kiti hicho. Tarehe 16, Askofu mkuu wa Rwanda, Laurent Mbanda, kiongozi wa baraza la maaskofu wakuu wa Gafcon, akatoa tangazo zito: Gafcon haitambui tena uongozi wa Canterbury, na Ushirika wa kweli wa Waanglikana ni ule unaosimama juu ya Biblia peke yake.

Watu wengi wa Lubumbashi watauliza: hii mambo inatuhusu nini? London ni mbali. Lakini Kanisa Anglikana iko hapa, na diyosezi ya Katanga imekuwa fasi moja ya historia hii tangu mwanzo, kuliko watu wengi wanavyojua.

Askofu wa Lubumbashi aliyeanzisha moto

Uanglikana wa Kongo haukuletwa na Wazungu kwanza. Ulianza 1896 kule Boga, Ituri, kwa mkono wa Apolo Kivebulaya, Muganda aliyevuka kutoka upande wa Toro. Alifanya kazi huko mpaka kifo chake mwaka 1933. Diyosezi ya kwanza, Boga-Zaïre, ilizaliwa 1972. Ile ya Shaba, ambayo leo tunaiita Katanga, ilikuja 1986, na askofu wake wa kwanza alikuwa Emmanuel Kolini.

Huyu Kolini, kisha miaka yake hapa Katanga, alikwenda kuwa Askofu mkuu wa Rwanda mwaka 1998, wakati kanisa la kule lilikuwa limebomoka kisha mauaji ya kimbari. Mwaka uleule, mkutano wa maaskofu wote, unaoitwa Lambeth, ulipiga kura juu ya azimio namba 1.10. Azimio lilisema kwamba ndoa ni ya mwanaume mmoja na mwanamke mmoja kwa maisha yote, na kwamba mapenzi ya watu wa jinsia moja hayapatani na Maandiko. Sauti 526 zilikubali, 70 zilikataa, 45 hazikuchagua upande. Azimio hilohilo liliomba pia kanisa liwasikilize watu wenye hali hiyo, sehemu ambayo pande zote mbili zinasahauka haraka.

Makanisa mengi ya Marekani hayakufuata azimio. Basi mwezi wa 1 wa 2000, kule Singapore, Kolini pamoja na Askofu mkuu Moses Tay wakaweka mikono juu ya mapadri wawili Waamerika, wakawafanya maaskofu wamisionari wa kwenda kazi Marekani, bila ruhusa ya kanisa la kule. Canterbury ilikataa kuwatambua. Mtu anaweza kusema kwamba mlango uliofunguliwa siku ile njo uleule ambao Mbanda, mrithi wa Kolini katika kiti cha Rwanda, amepita leo.

Kisha hapo mambo yalienda mbio: mwaka 2003 Marekani ilimweka askofu Gene Robinson, aliyekuwa akiishi wazi na mwanaume mwenzake, mwaka 2008 Gafcon ikazaliwa Yerusalemu, mwezi wa 2 wa 2023 sinodi ya Uingereza ikakubali maombi ya baraka kwa watu wa jinsia moja. Siku chache nyuma ya kura hiyo, maaskofu wakuu wa kundi lingine, lile la Kusini ya Dunia, walisema hawawezi tena kumhesabu Askofu mkuu wa Canterbury kuwa wa kwanza kati yao. Askofu mkuu wa Kongo, Titre Ande Georges, alikuwa kati yao.

Kushika mafundisho, lakini yapi?

Wale wanaoitwa wahafidhina, ni kusema wanaoshika mafundisho ya zamani, hawako kundi moja lenye mawazo mamoja. Hapo watu wengi wanapoteaka.

Juu ya ndoa, karibu wote wanapatana. Juu ya wanawake, hapana. Kanisa Anglikana la Kongo linaweka wanawake kuwa mapadri. Uganda ilianza 1983. Kenya, ambayo ni nguzo ya Gafcon, imekuwa na maaskofu wawili wanawake tangu 2021: Emily Onyango wa Bondo na Rose Okeno wa Butere. Sudani Kusini ilitangulia, mwaka 2016. Kumbe ukivuka tu Kasumbalesa, Waanglikana wa Zambia, waliolelewa katika desturi za karibu na Wakatoliki, walikawia sana kuliko Kongo kukubali mapadri wanawake, na hata hivyo hawakukimbilia Gafcon.

Kwa hiyo, anayesema kwamba Waafrika wanamkataa Mullally juu ni mwanamke, anasema nusu ya kweli. Kwa wengine hiyo ni sababu. Kwa wengine shida iko kwamba yeye ndiye aliyeongoza maaskofu wa Uingereza katika kazi iliyozaa zile baraka za 2023. Mkristo wa Katuba anayemheshimu mama pasta wa parokia yake anaweza kukataa baraka zile bila kujipinga mwenyewe.

Majirani walifanya nini?

Lubumbashi ni muji wa makanisa mengi, na shida hii haikugonga Waanglikana peke yao.

Tarehe 18 mwezi wa 12, 2023, Vatikani ilitoa hati *Fiducia Supplicans*, iliyoruhusu padri kubariki watu wawili wa jinsia moja bila ibada rasmi. Majibu ya Afrika yaliongozwa na Mkongomani, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa. Alikwenda Roma, akazungumza na Papa, na tarehe 11 mwezi wa 1, 2024, maaskofu wa Afrika wakatangaza kwamba baraka hizo hazitafanyika kwao. Walisema hapana, lakini hakuna aliyetoka. Roma ilipokea.

Wametodisti, ambao mizizi yao Katanga ni mirefu sana, walipita njia nyingine. Mkutano wao mkuu wa Charlotte, Marekani, mwaka 2024, ulifuta makatazo ya zamani juu ya mashoga. Wametodisti wa Ivory Coast walitoka mara moja. Wale wa Kongo walibaki, wakitegemea mpango mpya wa majimbo, uliothibitishwa 2025, ambao unaacha kila sehemu ya dunia ipange kanuni zake juu ya mambo kama ndoa.

Basi kuko njia tatu. Wakatoliki wana mkubwa mmoja mwenye mamlaka, njo maana waliweza kumwendea na kumwomba nafasi. Wametodisti wana sheria moja ya dunia nzima, njo maana walilazimika kuigawanya. Waanglikana hawana hata kimoja. Askofu mkuu wa Canterbury hawezi kuamuru Kongo kitu chochote. Kila jimbo linajitawala, na Kongo ni jimbo kamili tangu 1992. Hakuna padri wa Lubumbashi ambaye amelazimishwa, ao anaweza kulazimishwa, kubariki ndoa ya watu wa jinsia moja.

Hapo swali linabadilika. Kama hakuna anayewalazimisha, kwa nini watoke? Gafcon inajibu kwamba ushirika si jengo tu, ni imani moja. Kula Meza moja na mtu anayefundisha kinyume ni kusema kwamba mafundisho hayana maana. Wengine wanajibu kwamba Kanisa la kweli limekuwa na magugu na ngano tangu zamani, na kwamba anayetoka anaachia mwingine nyumba. Majibu yote mawili yanatoka katika Biblia ileile.

Uzito wa neno Kigali

Lakini kuko jambo ambalo wachambuzi wa London hawaoni vizuri, na ambalo kila Mkongomani anaona kwanza. Tangazo la mwezi wa 10 lilitiwa sahihi na Askofu mkuu wa Rwanda, mwaka uleule ambao M23 iliingia Goma, mwezi wa 1, halafu Bukavu, mwezi wa 2. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba jeshi la Rwanda linasaidia M23. Kigali inakana. Diyosezi za Waanglikana za Kivu na Ituri zimezika watu na kupokea wakimbizi miaka mingi.

Ni haki kutenganisha kanisa na serikali. Mbanda hakutuma askari. Tena kuko undugu wa kweli: mpaka 1992, Kongo, Rwanda na Burundi zilikuwa jimbo moja la Anglikana. Hata hivyo, kumwambia Mkristo wa Lubumbashi mwenye ndugu Bukavu atoke chini ya uongozi wa Uingereza na kuingia ule ambao leo sauti yake inasikika kutoka Kigali, si neno jepesi. Kama ushirika mpya unasema unasimama juu ya Biblia, watu wa Kongo watauliza kama Biblia hiyo inasema pia juu ya vita, udongo wa watu na madini. Swali hilo si la siasa tu. Ni kipimo cha ushirika wenyewe.

Ndoa ya hapa nyumbani

Kuko kipimo kingine, karibu zaidi. Sheria ya Kongo haina shida na mafundisho ya wahafidhina: Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inatoa haki ya kuoana na mtu wa jinsia nyingine, na Kodi ya Jamaa ya 1987, iliyorekebishwa 2016, haitambui ndoa ya wake wengi. Kwa hiyo baraka za watu wa jinsia moja hazitaingia Lubumbashi kesho. Vita hiyo, hapa, haina adui mlangoni.

Shida za ndoa zinazoingia kila siku ku ofisi ya pasta ni zingine. Vijana wanaoishi pamoja miaka kumi na watoto wane juu dote haijamalizika. Wanaume wenye biro ya pili wanaokaa kiti cha mbele. Wajane wanaofukuzwa na jamaa ya marehemu. Bamama wanaokatazwa Meza ya Bwana juu ya kutofunga ndoa ya kanisa, wakati kosa si lao.

Katika jambo hili historia ya Anglikana ina somo. Mwaka 1888, mkutano wa Lambeth ulikataa ubatizo kwa mwanaume mwenye wake wengi. Miaka mia moja kisha, 1988, Lambeth ilibadilika: anaweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wake wanaoamini, akiahidi kutooa tena, na kama jamii inakubali, ili wanawake wasitupwe nje. Waafrika njo waliohitaji huruma hiyo, na mafundisho juu ya ndoa ya mume mmoja na mke mmoja hayakuanguka. Wahafidhina wanaosema kwamba hali hizi mbili hazifanani wana hoja, lakini wanapaswa kueleza tofauti iko wapi, siyo kuruka swali.

Somo la Harare

Mwaka 2007, askofu wa Harare, Nolbert Kunonga, alitoka katika jimbo la Afrika ya Kati akisema anakimbia ushoga. Jimbo lenyewe halikuwa limeukubali. Lakini kwa miaka karibu mitano, Waanglikana wa Harare walifungiwa nje ya makanisa yao, wakasali chini ya miti na katika majengo ya kuazima, mpaka Mahakama kuu ya Zimbabwe ilipowarudishia mali mwezi wa 11 wa 2012. Mafundisho yalitangazwa juu ya meza; chini ya meza kulikuwa majengo, shule na magari.

Njo maana Waanglikana wa Katanga wanapaswa kufuata mambo matatu. La kwanza, nani anaamua: Gafcon inaomba majimbo yabadilishe katiba zao kuondoa jina la Canterbury, na hiyo ni kazi ya sinodi ya jimbo zima, si ya askofu mmoja ao kikundi cha WhatsApp. La pili, pesa: tangazo linakataza kupokea misaada ya Baraza la Ushauri la Anglikana, lakini halijataja mashirika ya zamani kama Church Mission Society, na Wakristo wana haki ya kujua ni mradi gani unaguswa. La tatu, mali: majengo yako kwa jina la nani, na yatakuwa ya nani kama watu wanaachana.

Uchaguzi wowote utakuwa na bei. Anayebaki na Canterbury atabeba swali la imani mbele ya majirani wake. Anayefuata Gafcon atabeba swali la Goma na Bukavu. Na wote wawili, Jumatatu asubuhi, watakuta mama yuleyule mlangoni ku ofisi ya pasta, akiuliza ni lini atarudi ku Meza ya Bwana.