Nondo za Juu

Anayeingia Tunduma kutoka Mbeya hukutana kwanza na foleni ya malori yaendayo Zambia na Kongo. Akiinua macho juu ya malori hayo ataona maghorofa yanayopanda kando ya barabara: duka chini, makazi juu, na roshani iliyochomoza juu ya vichwa vya wapita njia. Toleo hili linahusu ufundishaji wa uhandisi wa miundo vyuoni, nasi tunaanzia kwenye roshani hiyo.

Roshani imeshikwa upande mmoja tu. Ikibeba uzito, sehemu yake ya juu huvutwa, ya chini hubanwa. Zege huvumilia kubanwa, likivutwa hupasuka. Ndiyo maana nondo zake kuu hukaa juu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu analijua hilo, na hesabu yake ataipiga bila kukosea. Mpeleke basi saiti siku ya kumwaga zege. Vibarua wanapita na matoroli juu ya nondo zilezile. Zinabonyea, zinalala karibu na mbao. Kufika jioni zege limeficha kila kitu. Katika jamvi la milimita 150, nondo zilizopangwa milimita 120 kutoka chini zikishuka hadi 60, nguvu ya roshani hupungua kwa nusu au zaidi. Mchoro hauna kosa hata moja, na roshani ni mtego.

Hoja yetu ni kwamba jicho la mhandisi hufundishwa kama hesabu inavyofundishwa, na lifundishwe mapema, kabla mwanafunzi hajakabidhiwa programu ya kompyuta.

Tutaambiwa mafunzo kwa vitendo yapo. Yapo, wiki chache za likizo, na mara nyingi kinachosahihishwa ni daftari. Bodi ya Usajili wa Wahandisi nayo ina mpango wa miaka mitatu wa kuwalea wahitimu. Ni jambo jema, ila humkuta kijana ameshazoea kuiamini karatasi.

Mkoa wa Songwe, uliko mji huu wa Tunduma, wenyewe ni darasa la jicho hilo, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko kilomita mia moja hivi kutoka mpakani. Kwenye mizani ya malori mwanafunzi ataona tani 56, kikomo cha Afrika Mashariki, zikigawanywa ekseli kwa ekseli. Reli ya TAZARA, iliyokamilika 1975 ikiwa na madaraja zaidi ya 300, inavuka mpaka hapa Tunduma. Na bonde la Rukwa, lililotikiswa mwaka 1910 na tetemeko la ukubwa wa takribani 7.4, litamfanya aziangalie upya kuta za matofali ya kuchoma zisizo na mkanda wa zege.

Mwalimu unayesoma hapa, katika mtihani ujao ondoa swali moja la hesabu, weka picha ya saiti. Uliza: zege linamwagwa saa nne, wewe utasimamisha nini?