AKIBA HAIOZI, HATA KATIKA NYAYA



Likizo iliyopita nilikaa kwa mjomba wangu hapa Cheyo. Alipotia umeme zamani, alihesabu taa nne na redio, basi. Sasa mna birika, pasi na jiko la umeme, na fyuzi iliungua kila jioni. Siku moja binamu yangu alichoka, akaweka fyuzi kubwa zaidi. Taa zikawaka, lakini baadaye ukuta ukawa wa moto na plastiki ikanuka. Tuliwahi kuzima swichi kuu kwa bahati tu.

Hesabu yake ni rahisi. Ukigawa wati kwa volti wapata ampea. Birika la wati 2,000, jiko la 1,500 na pasi ya 1,000 ni wati 4,500. Kwa volti 230, hizo ni karibu ampea 20. Waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 haukuwekwa kwa mzigo huo. Fyuzi ni mlinzi wa waya. Binamu yangu alimfumba macho.

Wako watakaosema, "Kwa nini tulipie leo cha kesho?" Nawajibu kwamba mjomba amebomoa kuta zilizokwisha kupakwa rangi, naye amelipa mara mbili. Sisemi tuzidishe. Mama humwachia mtoto pindo katika sare, lakini hamshonei suruali ya baba yake.

Nchi yetu imekwisha kujiwekea pindo. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo 9, jumla megawati 2,115. Wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na wa mwisho mwaka 2025. Lakini umeme huo wote una faida gani ukifika kwenye waya usioweza kuubeba?

Hapa Tabora tunakula maembe ya miti iliyopandwa kando ya njia ya misafara na watu tusiowajua. Basi ninyi mnaojenga nyumba, madarasa na mabweni, wekeni waya mnene wa kutosha, mabomba mapana ukutani, na nafasi mbili tatu tupu katika kisanduku cha fyuzi. Watakaokuja watawashukuru, nao watalala salama.